Koti la Kutoka Ufaransa

Mkono ule uliomshika Tabita begani, katikati ya foleni ya malori ya mpakani Tunduma, ulikuwa bado haujaondoka.

"Usigeuke haraka," sauti ilisema nyuma yake. "Na usipige kelele. Ni mimi."

Tabita aligeuka haraka. Na kelele alipiga.

"Lusubilo!"

Naam, msomaji, ni Lusubilo yuleyule. Kijana wa Hasamba aliyepanda ndege moja na Tabita, wote wawili wamepata ufadhili wa kwenda kusomea Kifaransa Ufaransa. Yuleyule ambaye kanisa la kwao humwombea kila Jumapili kwa jina. Yuleyule aliyemwambia Tabita kwamba amehamia chuo cha mji mwingine kulekule Ufaransa, naye Tabita akaamini hadi akamaliza masomo na kurudi nyumbani peke yake.

Sasa alikuwa amesimama mbele yake na kandambili miguuni, na rundo la makaratasi ya mizigo kwapani.

"Umerudi lini?" Tabita aliuliza.

"Kabla ya Krismasi."

"Krismasi gani?"

"Hii iliyopita."

Tabita alianza kuipanga miezi kichwani. Ilipofika Februari akakwama hapo. Februari ndipo walipomzika mzee Rabson, baba yake Lusubilo. Na watu wote wa Hasamba walijua kwa nini mtoto wake wa pekee hakuwepo. Alikuwa Ufaransa.

"Baba yako anazikwa, na wewe uko hapa? Tunduma hapa?"

Kabla Lusubilo hajajibu, dereva mmoja alichungulia kwenye dirisha la lori lake.

"Oya, Mfaransa! Karatasi zangu vipi? Mzigo wa Likasi huu, sijaja kuoa hapa!"

"Nakuja, mkubwa!"

"Mfaransa?" Tabita alinong'ona.

"Ndilo jina langu hapa. Madereva wa Kongo Kiswahili wanakijua, ila makaratasi yao ni ya Kifaransa, na mawakala wa forodha hawaelewi. Nawasomea." Alijaribu kucheka. "Kifaransa cha maprofesa kilinishinda. Hiki cha saruji na mabomba nakiweza."

Walikwenda kukaa kwa mama mmoja muuza chai, nyuma ya matangi ya mafuta. Chai ililetwa. Hakuna aliyeinywa.

"Nilifeli, Tabita. Mtihani wa mazungumzo. Nilikaa mbele ya wale walimu, wakaniuliza jina langu tu, sauti ikagoma. Wakanipa nafasi ya pili. Siku hiyo sikutoka kitandani. Ufadhili ukakatwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakaa ghorofa ya juu yangu. Hukuona kwamba darasani siji?"

Tabita aliinamisha macho kwenye kikombe. Aliona. Kila siku alikiona kile kiti kitupu. Na kila siku, akipanda ngazi, alijiambia kwamba atamgongea mlango akimaliza insha yake. Insha zile hazikuwa na mwisho.

"Nilikuwa nasikia viatu vyako kwenye ngazi," Lusubilo alisema bila kumlaumu, na hapo ndipo palipouma. "Vinakuja, vinapunguza mwendo mlangoni kwangu, kisha vinapanda. Nilikuwa nasubiri ugonge."

"Nisamehe."

"Sikukuita unisikitikie. Nataka unisaidie."

"Kwanza niambie. Siku ya mazishi ulikuwa wapi?"

Lusubilo alitazama huku na huku kama mtu anayedaiwa.

"Nilikuwepo."

"Usinidanganye!"

"Nilikuwepo. Nilipanda Fuso la jamaa anayebeba mahindi. Ile barabara inayopita juu ya shamba letu, unaijua. Nikamwomba asimame, akashuka akajifanya anaangalia tairi. Mimi nimelala chini ya turubai. Niliona jeneza likishuka. Nikasikia mama analia."

"Ungeshuka!"

"Kwa ndege gani? Asubuhi hiyohiyo nilimpigia mama simu, nikamwambia nimekosa ndege. Laini yangu ya kule bado inafanya kazi kwenye WhatsApp. Nikalia naye kwenye simu, kisha nikaenda kulala chini ya turubai." Alifuta uso kwa makaratasi ya watu. "Siyo kwamba sikutaka kushuka, Tabita. Miguu ilikataa. Kama sauti ilivyokataa kule."

Akainama, akatoa mfuko mweusi chini ya benchi. Ndani kulikuwa na koti zito la sufi, la zambarau, zuri kweli.

"Mpelekee mama. Mwambie nimekupa Ufaransa umletee."

"Ufaransa? Hili ni la mtumba!"

"Mwezi uliopita mama alikuja hapa Tunduma. Sijui alifuata nini. Nilimwona kwenye mitumba. Alilishika koti hili, akalipapasa, akauliza bei, akalirudisha. Nilikuwa nyuma ya lori, karibu kiasi cha kumsikia akikohoa. Alipoondoka nikalinunua."

"Kama alilishika, atalitambua."

"Makoti ya zambarau ni mengi duniani."

"Lusubilo, twende wote. Leo. Sasa hivi."

"Siku ambayo nitakuwa mtu, nitakwenda. Siyo leo." Akamsogezea mfuko. "Julai hii Hasamba ni baridi, na mama ana kifua. Nakuomba. Ni koti tu."

Ni koti tu! Tabita alilichukua. Na mimi, msomaji, natamani angelirudisha mfuko ule palepale juu ya benchi.

* * *

Gari la kwenda Vwawa, kisha bodaboda, na mapema mchana Tabita alikuwa anakunja kona ya nyumba ya mama Lusubilo.

Alitegemea kumkuta peke yake. Uwanja ulikuwa umejaa watu.

Wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake wanachambua kahawa kwenye vichanja ili mikono isikae bure. Masufuria yanachemka. Mzee Sadoki, mdogo wake marehemu Rabson, amesimama katikati, kofia mkononi.

"Huyo hapo!" Sadoki alisema alipomwona. "Mungu ametuletea shahidi hata hatujamwita."

"Shahidi wa nini, baba mdogo?"

Mama Lusubilo alishatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akamkumbatia kwa viwiko ili asimchafue.

"Mwanangu Tabita! Umenenepa! Mwenzako hajambo?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kusema kweli. Tabita aliuona ukiwa wazi.

"Hajambo, mama," alisema. "Amekutumia koti."

Mama Lusubilo alifuta mikono. Alilitoa koti polepole, akalikung'uta, akaligeuza nyuma na mbele. Tabita alizuia pumzi.

"Ufaransa wana sufi nzuri," mama alisema. Akalivaa palepale, juu ya kitenge chake cha msiba, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Ee mama Lusubilo, leo umekuwa mzungu!"

"Zunguka tukuone!"

Akazunguka. Watu wakacheka, na Tabita akacheka nao. Hakulitambua. Afadhali. Au siyo afadhali?

"Tumecheka vya kutosha," Sadoki alisema. "Binti, njoo hapa mbele. Wewe ni wa kijiji hiki, lakini ukoo wetu una yake. Leo tunamaliza msiba wa kaka, na tunagawa kahawa yake. Kwetu, mtoto ambaye hakumwaga udongo kwenye kaburi la baba yake hagawiwi mti hata mmoja. Hata awe mtoto wa pekee."

Tabita alirudi hatua moja nyuma.

"Lakini hatuna roho mbaya," Sadoki aliendelea. "Kama njia ilimzuia mtoto, mtu aliyekuwa naye huko mbali atakuja siku kama ya leo. Atashika udongo, atasema mbele yetu kwamba mwenzake alizuiwa na njia, na atamwaga kwa niaba yake. Basi, inahesabika kwamba mtoto amezika."

"Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine alikuwa naye huko? Unataka tukamwite Mfaransa?"

Watu walicheka. Tabita alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Na nikikataa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukikataa, kahawa inarudi kwenye ukoo. Shemeji atabaki na nyumba na banda la kuku." Sadoki aliivaa kofia, akaivua tena. "Usinitazame hivyo, binti. Kahawa yangu mwenyewe inanishinda kuchuma. Yule mtoto nilimfundisha mimi kupogoa, akajikata na panga mguuni, nikambeba mgongoni hadi zahanati akinilowesha damu. Mimi sitafuti shamba. Nataka nisikie kwamba mtoto yule angekuja kama angeweza. Nikisikia hivyo nitalala."

Laiti mzee huyu angekuwa na tamaa! Ingekuwa rahisi kumdanganya.

Tabita alimfuata mama Lusubilo pembeni, karibu na mashine ya kumenyea kahawa.

"Mama, nina neno kabla hatujaenda."

"Baadaye, mwanangu. Watu wamekaa tangu asubuhi."

"Mama, ni kuhusu Lusubilo."

"Nimesema baadaye." Akamshika mkono kwa nguvu ambayo Tabita hakuitegemea. "Twende kaburini."

Je, angefanya nini? Kama angesema kweli, mama huyu angepoteza kahawa na mwana kwa siku moja, tena mbele ya kijiji. Kama angenyamaza, angeapa uongo juu ya kaburi la mtu aliyempa Tabita mwenyewe debe la mahindi alipokuwa anakwenda sekondari. Tabita alikuwa amerudi nyumbani na ndoto ya kufundisha. Alitaka kuwaambia watoto wa wilaya yao ya Mbozi kwamba lugha ni daraja. Leo lugha ya kwanza aliyoombwa kuitumia ni uongo.

Kaburi liko upande wa chini wa shamba, kahawa imelizunguka pande zote, nyekundu, imeiva, inasubiri mikono. Juu yake inaonekana ile barabara. Tabita aliitazama, akaona mahali ambapo Fuso lilisimama.

Mzee wa kanisa aliomba kwa kifupi. Sadoki akamwekea Tabita udongo kiganjani. Ulikuwa mwekundu, umelowa ukungu.

"Siku tunamzika Rabson, mwanawe Lusubilo alikuwa wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi, binti? Marehemu asikie."

Tabita alimtafuta mama Lusubilo kwa macho. Uso wa mama ulikuwa umezama kwenye kola ya koti. Haukumsaidia kwa lolote.

"Ufaransa," Tabita alisema.

"Angeweza kuja asije?"

"Hapana. Njia ilimzuia."

"Mwaga."

Alimwaga. Udongo ulianguka nusu. Nusu nyingine ilibaki imeganda kiganjani.

Sadoki alivuta pumzi ndefu, machozi yakamtoka bila aibu. "Basi amezika," alisema. "Mtoto wetu amezika baba yake. Shamba ni lake, na mama yake alichume kwa amani." Vigelegele vikapanda. Watu wakaanza kupanda kilima kuelekea kwenye masufuria, wakipigana vikumbo na kutaniana kuhusu nani atapewa firigisi.

Tabita hakupanda. Alichuchumaa, akaanza kusugua kiganja kwenye nyasi. Akasugua. Akasugua tena.

"Utajichubua," mama Lusubilo alisema. Naye alikuwa amebaki.

"Mama, nimekukosea. Nimemkosea mzee. Lusubilo hayuko—"

"Najua."

Tabita aliinua uso.

"Najua hayuko Ufaransa," mama alisema kwa utulivu. Akashika kifungo cha tatu cha koti. Vingine vyote vilikuwa vyeusi, hicho cha kahawia. "Kifungo hiki ndicho kilichonifanya nilirudishe koti hili siku ile Tunduma. Nikasema, zuri, lakini limepachikwa kifungo cha mwenzake."

"Ulijua tangu pale uwanjani?"

"Tangu mazishi." Mama aliinyooshea kidole barabara. "Lilisimama Fuso pale. Upepo ukafunua turubai, mguu ukatokeza. Una kovu la panga la kupogolea. Mguu ule niliuosha mimi kwa maji ya chumvi mpaka ukapona. Nitausahau?"

"Hukumwita!"

"Nililia kwa sauti zaidi. Nilitaka watu wote wanitazame mimi, wasitazame barabarani."

Hasira ikamjia Tabita, safi na ya moto, kutoka mahali asipopajua.

"Mama, umeniacha niape juu ya kaburi, na wewe unajua?"

"Nimekuacha. Mwanangu wangemfuta kama mtu asiyezaliwa. Hiyo dhambi nitaibeba mimi."

"Haibebwi hivyo, mama. Mkono ni wangu. Tazama!"

Alimwonyesha kiganja. Mama alikitazama kile chekundu, na kwa mara ya kwanza siku ile midomo yake ilitetemeka.

"Na Tunduma?" Tabita aliuliza. "Ulikwenda kumtafuta?"

"Nilikwenda. Fuso lile nalijua, hubeba mahindi kwenda Tunduma. Nikasikia madereva wanaita, Mfaransa, Mfaransa. Nikajua nimefika. Nikalishika lile koti ili niwe na sababu ya kusimama. Nilisimama mpaka muuzaji akachoka kunitazama. Nilijua yuko karibu. Nilikuwa nasubiri atoke."

Naye Lusubilo alikuwa nyuma ya lori, akisikiliza kikohozi chake.

Viatu kwenye ngazi. Vinakuja, vinapunguza mwendo, vinapanda. Tabita alivisikia tena, na safari hii alijua kwamba kama hatagonga leo hatagonga kamwe.

Alisimama.

"Mama, twende Tunduma. Sasa hivi. Wakiwa wanakula hakuna atakayetuona. Tutakaa palepale kwa muuza chai mpaka atoke. Akikataa kutoka nitamwita kwa jina lake mbele ya malori yote."

"Na kahawa? Na udongo uliomwaga?"

"Sijui, mama. Kuhusu hilo sijui. Najua tu kwamba yeye anasubiri, na wewe unasubiri, na kila mmoja anamlilia mwenzake kwenye simu."

Mama Lusubilo alifungua vifungo vya koti, akavifunga tena. Halafu akaitikia kwa kichwa.

"Mnakwenda kwa nani Tunduma?"

Waligeuka wote wawili.

Mzee Sadoki alikuwa amesimama katikati ya mistari ya kahawa, jembe begani. Alikuwa amerudi kusawazisha kaburi la kaka yake. Machozi ya furaha yalikuwa bado hayajakauka usoni.

"Shemeji," alisema polepole, akiliteremsha jembe. "Nimesikia mnamtaja mtu anayesubiri. Nani yuko Tunduma?"

Ukungu ulishuka juu ya barabara. Huko uwanjani mtu alipiga kijiko kwenye sufuria, akiita watu waje kula.

Midomo miwili ilifunguka kwa pamoja.

Mama Lusubilo alisema, "Hakuna mtu."

Tabita alisema, "Lusubilo."